Taa za Gari na Mzigo wa Kawaida

Mume wangu alikuwa karani na mkalimani katika Boma la Tabora, enzi za Mwingereza. Mzungu akisema jambo barazani, yeye aligeuza kwa Kiswahili. Mkulima akijibu, yeye aligeuza kwa Kiingereza. Kazi hiyo aliifanya vizuri, sitasema uongo. Tatizo lake ni kwamba aliamini neno lolote lililoandikwa kwa Kiingereza lilikwisha hakikiwa huko lilikotoka, na kwamba yeye, kwa kuwa aliweza kulisoma, alikuwa na sehemu yake katika ukweli huo. Hata karatasi ya kopo la maziwa aliisoma kwa sauti, amesimama.

Ndiyo maana siku aliponunua motokaa kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akirudi kwao, kitu cha kwanza alichokitoa garini hakikuwa gurudumu la akiba wala jeki. Kilikuwa kitabu. Kitabu chembamba cha kijani, chenye alama za vidole vya mafuta, kinachoeleza namna ya kulitunza gari lile. Alikifunika kwa gazeti kama watoto wanavyofunika madaftari yao, akakiweka ndani ya kabati la vyombo, juu ya sahani zangu za wageni.

Gari lenyewe lilikuwa dogo, la rangi ya majivu, na taa zake mbili za mbele zilitokeza kama macho ya chura. Mlango mmoja wa nyuma ulifunguka kwa kupigwa goti. Tulilipenda hivyohivyo. Katika mtaa wetu hakukuwa na Mwafrika mwingine mwenye gari, na mimi ninayemcheka mwenzangu hapa nilijifunza mapema sana kuteremka taratibu mbele ya kanisa, mguu mmoja kwanza, ili wenye macho waone.

Mambo yalianza Jumapili moja ya kiangazi. Tulikuwa tumekwenda Ipole kuwapeleka watoto kwa mama yangu wakati wa likizo. Mama hakujua kumwacha mtu aondoke mikono mitupu. Alitupakilia madebe mawili ya asali, gunia la mahindi, fuko la michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, na jogoo aliyefungwa miguu. Vyote vilikwenda nyuma. Gari likakaa kitako kama mbuzi aliyegoma, pua ikaelekea juu.

Tulikaribia mjini giza likianza kuingia. Mume wangu akawasha taa. Mbele yetu likatokea gari jingine, likapiga honi mara moja, mara mbili, kisha likakatiza kando na kusimama majanini. Sauti ikatoka gizani.

"Nani huyu? Zima taa! Wewe taka ua mimi?"

Mume wangu aliijua sauti ile kuliko ya mama yake. Alikuwa Bwana Shauri, ndivyo tulivyomwita yule kijana wa Kizungu aliyekuwa msaidizi wa Bwana DC na aliyesikiliza mashauri ya watu. Mume wangu alikaa kando yake kila siku akimfasiria. Akateremka, akavua kofia, akamsalimia kwa Kiingereza kirefu. Bwana Shauri akamjibu kwa Kiswahili. Hilo, nadhani, lilimuumiza kuliko karipio lenyewe.

"Taa yako angalia mbinguni," alisema Bwana Shauri, amejikinga macho kwa kiganja. "Mungu hapana taka taa. Jumamosi jioni leta gari nyumba yangu. Mimi tazama. Kama taa bado mbinguni, gari lala Boma."

Akaondoka. Mume wangu akarudi garini, akashika usukani.

"Amesema kwa wema tu," aliniambia.

"Amesema gari litalala Boma."

"Wewe hukumwelewa. Kiswahili chake kina Kiingereza ndani."

Karibu na stesheni palikuwa na karakana ya Mhindi mmoja, na fundi wake wa taa angeimaliza kazi ile kabla chai haijachemka. Nilimwambia mume wangu ampelekee. Akanitazama kama niliyemshauri akamwulize njia kipofu.

"Yule hata kusoma hajui," alisema. "Mimi kitabu ninacho. Nitazinyoosha hapahapa nyumbani."

Jumatatu alirudi kutoka kazini na rula ya ofisini, ile ya futi moja. Kitabu kilitaka gari lisimame futi ishirini na tano kutoka ukutani, likiutazama ukuta. Basi mkalimani wa Boma, ndani ya suruali yake nyeupe niliyoipiga pasi asubuhi, akapiga magoti kwenye ukuta wa nyumba yetu na kuanza kupima kuelekea barabarani, rula kwa rula, kila mara akikwaruza vumbi kwa ukucha. Alipofika kumi na nane, kuku akapita juu ya alama zake. Akaanza upya. Safari hii aliniweka mimi nifukuze kuku.

Kisha akapima kimo cha taa kutoka chini, akakihamishia ukutani, na kuchora kwa mkaa. Mstari mrefu wa kulala, na mistari miwili ya kusimama iliyoukata, mmoja kwa kila taa. Sasa, ukuta ule nilikuwa nimetoka kuupaka chokaa wiki ileile. Chokaa niliibeba kichwani mwenyewe kutoka sokoni, nikailoweka, nikaipaka mara tatu mpaka ukawa mweupe kama yai. Nilisimama nimeshika kitabu wazi kwenye ukurasa wake, nikamtazama akiuchora kwa mkaa, na sikusema kitu. Siku hizi nikijiuliza kwa nini sikusema, najibu kwamba nilitaka kuona atafika wapi.

Aliondoa bangili za chuma zinazozunguka vioo vya taa, akazungusha skrubu kwa bisibisi huku na huku, ulimi nje. Kila alichosoma alinifasiria, ingawa sikuwa nimeuliza. Giza lilipoingia, miduara miwili ya mwanga ilikuwa imekaa juu ya michoro yake miwili.

"Umeona?" aliniuliza.

"Nimeona."

"Kitabu hakikosei."

Asubuhi jirani yetu akaja kwenye ua. Alikuwa bibi mmoja mjane, Mmoraviani wa siku nyingi, mwenye ulimi usiopata kutu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniongezea na mwangaluka, salamu ya asubuhi ya kwetu. Halafu akauona ukuta, akashika kifua.

"Mwanangu, nani amefariki?"

"Hakuna, bibi. Ni vipimo vya taa za gari."

Akaitazama michoro ile kwa muda. "Misalaba miwili," alisema. "Hiyo ni ya wale wanyang'anyi. Na yule wa katikati yuko wapi?"

"Yuko ofisini, bibi. Anarudi saa kumi."

Alicheka mpaka akaukamata mti wa ua. Kisha akakumbuka kwamba ni dhambi, akanikaripia mimi.

Jioni hiyo tukaenda kulijaribu gari kwenye barabara ya Kwihara, ile njia ya misafara ya zamani, ambayo imenyooka na iko sawasawa. Mume wangu akawasha taa. Vilele vya miti vikang'aa kama vimemwagiwa maziwa. Ndege waliokwisha kulala wakaamka na kulalamika. Chini, mahali palipo na barabara, hapakuwa na mwanga wowote. Gurudumu la kushoto likaingia mtaroni, tukatoka kwa kishindo, na mtu mmoja mwenye baiskeli aliyekuwa akija mbele yetu akaruka kando akipiga kelele.

"We bwana! Shusha huo mwezi wako!"

Tulirudi nyumbani polepole sana. Taa zilikuwa juu kuliko siku ya Bwana Shauri, na safari hii hatukuwa na asali wala jogoo. Mume wangu alikula ugali wake kitabu kikiwa kimeegemezwa kwenye bakuli la mboga.

"Hapa ndipo tulipokosea," akasema hatimaye. Nikaona ile jana alikuwa amepatia peke yake, lakini leo tumekosea wote. "Ukurasa wa pili. Gari lipimwe likiwa na mzigo wake wa kawaida."

"Mzigo gani wa kawaida?"

Alinitazama tu, akarudi kwenye kitabu.

Basi Jumatano jioni nilikaa kiti cha nyuma, mimi na gunia la mahindi, tukiwa mzigo wa kawaida. Nilikatazwa kuegemea upande mmoja. Nilikatazwa kushuka hata kutazama sufuria jikoni, maana nikishuka pua ya gari inabadilika. Mbu walikuja. Maharage yaliungua, nikayasikia harufu, nikasema, akaniambia nivumilie kidogo. Wapita njia walisimama wakatazama: mwanamke na gunia ndani ya gari lisilokwenda popote, na mbele yake bwana mwenye bisibisi anazungumza na ukuta.

Lakini mtu akikaa mahali muda mrefu huanza kuona. Kutoka kiti kile niliuona uwanja wetu kama sikuwahi kuuona. Nyumba yetu ilikuwa bondeni kidogo kuliko barabara. Kutoka barabarani uwanja uliteremka, na ulipokaribia baraza ukalala. Nilijua hilo tangu zamani kwa mgongo wangu, kwa sababu kila mvua kubwa maji yalikuja mpaka barazani na mimi ndiye niliyeyafagia. Gari lilikuwa limesimama kwenye mteremko, pua chini. Mtu aliyeinama akikitazama kitu sawasawa, akisimama wima macho yake yatakuwa juu. Ndicho kilichotokea barabara ya Kwihara.

Hapa inanipasa nieleze nilijuaje mambo haya. Baba yangu alikuwa fundi mwashi wa misheni. Mimi nilikuwa mtoto wake wa kwanza, na wa kiume hawakuja mpaka nilipokuwa binti mkubwa, kwa hiyo ni mimi niliyembebea maji na udongo, na mimi niliyemshikia kamba. Alinifundisha kutazama ukuta kwa jicho moja. Alipofariki, wadogo zangu waligawana ng'ombe, mimi nikapewa pima maji yake, ule ubao wenye kichupa cha maji na kiputo ndani. Niliuhifadhi sandukuni pamoja na kanga za harusi.

Alhamisi mume wangu alipokwenda kazini nikautoa. Niliulaza mahali magurudumu yalipoacha alama. Kiputo kikakimbilia upande wa barabara kikagoma kurudi. Niliulaza karibu na ukuta. Kikakaa katikati kama mtu aliyefika kwake.

Nilisubiri mpaka alipokuja kula mchana. Nikamwekea chakula, nikamwekea maji ya kunawa, nikamwambia kwa upole wote niliokuwa nao, "Baba watoto, uwanja umeinama. Gari linainama nao. Ndiyo maana."

"Gari halitazami uwanja," alisema bila kuinua kichwa. "Linatazama ukuta."

"Nimepima kwa pima maji ya baba."

Hapo akainua kichwa, akatabasamu lile tabasamu la barazani, analompa mkulima aliyeleta ushahidi wa ndoto. "Pima maji ni kwa ajili ya kujenga nyumba. Sisi tunajenga nyumba?"

"Kitabu hakisemi kitu juu ya uwanja?"

"Kinasema uwanja wa kawaida," alijibu.

Mimi Kiingereza changu kilikuwa cha madarasa machache ya shule ya masista. Alipokwenda kazini nilifungua kabati, nikakifunua kitabu, nikatafuta ukurasa ule kwa kidole. Neno lililoandikwa pale kuhusu uwanja nililijua. Lilikuwa limeandikwa pia kwenye ubao wa pima maji ya baba, kwa herufi ndogo za shaba, na baba alinieleza maana yake nikiwa na miaka minane: sawasawa, pasipoinama. Mkalimani wa Boma alikuwa amelifasiri kwa kupenda kwake, kwa sababu uwanja aliokuwa nao haukufanana na neno.

Ningeweza kumwonyesha. Nilikaa na jambo hilo jioni nzima huku yeye akizungusha skrubu nje na mimi nikiwa mzigo tena, na nikaona kwamba nikimwonyesha nitashinda mabishano na gari litalala Boma. Kwa hiyo Ijumaa asubuhi nilikwenda kwa bibi jirani, nikamweleza yote. Alisikiliza huku akichambua karanga.

"Ghala la misheni," alisema.

"Ndilo nililolifikiria na mimi."

Mbele ya ghala lile palikuwa na sakafu pana ya saruji ya kuanikia nafaka, na ukuta wa matofali uliosimama wima. Kilichobaki ni kumfikisha mwenye gari. Saa kumi alipoingia, bibi alikuwa ameshasimama uani.

"Baba," alimwambia, "ukuta huu wa udongo unakudanganya. Nenda kwenye ghala la misheni. Ule umejengwa na Mzungu."

Mume wangu akasimama. "Mzungu gani?"

"Mzungu tu."

Akaingia ndani kuchukua kitabu.

Ukweli ni kwamba Mzungu alichora ghala lile kwenye karatasi, kisha akashikwa na homa kiangazi kizima. Baba yangu ndiye aliyelijenga, na maji ya saruji ile niliyabeba mimi. Bibi alijua. Alikuwa akituuzia uji.

Tulikwenda watu watatu, maana bibi alisema yeye atakuwa mzigo wa kawaida. Ana umri wa kutosha na anataka kukaa. Alikaa nyuma na gunia lake na karanga zake kama mke wa mtemi. Kwenye ghala mume wangu hakutumia mkaa. Alitumia chaki, akaweka alama ndogondogo kwa adabu, kwa sababu ukuta ulikuwa wa Mzungu. Nilikumbuka wangu, nikameza mate.

Akaanza kuzungusha. Taa ya kulia ikapanda. Akazungusha tena, ikapanda zaidi. Nikiwa ukutani nikamwambia chini, akasema anajua, ikaenda kando. Tuliendelea hivyo mpaka bibi akasema kutoka garini kwamba karanga zinakwisha. Mume wangu akajifuta jasho.

"Njoo ushike bisibisi," aliniambia. "Mimi nitasimama huku ukutani niamuru. Kazi ya kuona ndiyo ngumu."

Nikaishika. Nilivua kanga ya mabegani nikafunika taa moja ili isinichanganye na mwenzake. Skrubu ya juu niliizungusha nusu, mwanga ukashuka. Niliizungusha nusu kurudi, ukapanda. Ya pembeni ikaupeleka kushoto na kulia. Haikuwa zaidi ya hapo. Siku nne za Kiingereza, na ndani yake mlikuwa na skrubu mbili. Nilishusha mwanga mpaka ukawa vidole vitatu chini ya alama ya chaki, nikaihamisha kanga, nikafanya ya pili. "Chini," mume wangu aliamuru, mwanga ukiwa umeshashuka. "Hapo! Simama!" nami nilikuwa nimeshasimama. Kengele ya sala ya jioni ililia tukiwa tumemaliza. Tukajaribu barabarani. Ardhi ikaonekana, mawe yake na mashimo yake yote, na miti ikaachwa ilale.

"Ukuta wa Mzungu," alisema mume wangu. Bibi akakohoa.

Jumamosi jioni tulikwenda nyumbani kwa Bwana Shauri. Mimi nilipelekwa kama mzigo, pamoja na gunia, ili taa zisipande. Mume wangu alivaa kaptula nyeupe na soksi ndefu. Bwana Shauri alitoka na kikombe mkononi, memsabu wake nyuma yake, akaamuru gari lisimame mbele ya banda lake la magari, kwenye sakafu ya saruji, kando ya gari lake mwenyewe. Kisha akawasha taa za yote mawili ili alinganishe.

Zetu zilikaa chini ya dirisha la banda, mbili, zimelala sawa. Za kwake, moja ilikuwa imelitazama paa na nyingine ilikuwa ikiulizia habari za ua wa waridi.

Memsabu akasema neno moja kwa Kiingereza, akageuka kando kuficha kinywa. Bwana Shauri akaweka kikombe chini.

"Nani tengeneza taa yako?"

"Mimi, bwana," alisema mume wangu.

"Mzuri sana. Tengeneza yangu."

Alichukua bisibisi, akaenda kwenye gari la Bwana, akaondoa bangili, akazungusha. Taa iliyotazama paa ikaliacha paa, ikapanda angani. Bwana Shauri akaifuata kwa macho.

"Mbona kwenda juu?"

Mume wangu akazungusha kwa nguvu zaidi, kwa upande uleule.

Sikuwahi kumpenda mtu huku nikitaka kumpiga kama jioni ile. Nilikaa garini nikihesabu pumzi zangu. Kisha nikaupiga mlango goti, nikashuka. "Bwana," nilimwambia Mzungu kwa Kiswahili, nimesimama mbali kidogo kama ilivyotakiwa, "skrubu ya juu irudishwe kushoto. Tena gari lako ni tupu. Memsabu akikaa nyuma taa hupanda. Mwambie akae sasa, ndipo tupime."

Mume wangu aliinuka, akaunyoosha mgongo, na akanifasiri. Alifasiri kwa Kiingereza safi, mkono mmoja nyuma, kama barazani. Lakini katika tafsiri yake mimi sikuwamo. Nilisikia neno la kitabu mara mbili na neno la mimi mara tatu, na huyo mimi alikuwa yeye.

Bwana Shauri alimtazama. "Karani," alisema kwa Kiswahili, "mimi nasikia kidogo. Yeye sema moja, wewe sema ingine. Nani jua taa?"

Sasa angeweza kudanganya. Nilimtazama akipima, kama alivyopima uwanja, rula kwa rula. Jasho lilimtiririka mpaka kwenye kola. Akasema, kwa Kiswahili, "Mke wangu, bwana."

Na akanipa bisibisi.

Kilichofuata hakikuchukua muda, isipokuwa memsabu alitaka kujua kwa nini akae nyuma ya gari lisilokwenda. Bwana Shauri akamwuliza karani, na karani, ambaye kwa siku nne alikuwa na lile neno mdomoni, akalitoa kabla ya kufikiri: mzigo wa kawaida. Nililijua kwa kuwa alinisomea mara nyingi. Memsabu aliinua nyusi zake zote mbili. Kisha alinitazama mimi, na gunia la mahindi kwenye kiti chetu, na mahali nilipokuwa nimekaa kando yake, nikaona kwamba ameelewa. Akaingia nyuma ya gari la mumewe, akafunga mlango kwa kishindo, akakaa wima katikati, bila kuegemea upande mmoja. Hakuna aliyemwambia.

Nilifunika taa moja kwa kanga yangu na kuzinyoosha zote mbili. Bwana Shauri alisema asante, lakini alimwambia karani. Jumatatu aliandika kwenye faili la mume wangu kwamba ni mtumishi mwenye ustadi wa mitambo.

Tulirudi nyumbani, na taa zikatuonyesha kila shimo mpaka mtaani kwetu.

"Ungeniambia," alisema.

"Nilikuambia."

Akaendesha kidogo. "Ungeniambia tena."

Ningejibu, tungelala tumegeuziana migongo, na nilikuwa nimechoka. Lakini asubuhi nilimweleza masharti yangu mawili. La kwanza, ukuta aupake chokaa yeye mwenyewe. Aliupaka, ndani ya kaptula ya zamani, na bibi jirani alileta kiti chake uani akatazama kuanzia mwanzo mpaka mwisho. La pili, anifundishe kuendesha. Hilo alilipinga wiki tatu. Alisema kitabu hakikutaja mwanamke. Nikamwambia kinataja mzigo, na mzigo umechoka kukaa nyuma.

Alinifundisha kwenye barabara ya Kwihara, nyakati za mchana. Siku ya kwanza niligonga kichuguu, tukakaa ndani ya vumbi la mchwa tukikohoa, naye akashika kichwa akaita wazee wake wote waliokufa. Siku ya tano nilipita pale bila kugusa kitu, nikaendelea mpaka Kwihara kwenyewe. Wanawake waliokuwa wakitwanga walisimamisha michi wakatutazama. Mume wangu akateremsha kioo cha upande wake, akatoa mkono nje.

"Mimi ndiye niliyemfundisha!" aliwapigia kelele, kwa Kinyamwezi, ili asiwepo wa kukosa kuelewa.

Nilimwacha aseme. Hilo angalau lilikuwa kweli.